Pikipiki ya petroli au ya umeme: Ipi salama kwa afya na kipato cha nyumba yako?



Ndugu msomaji, sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (SW), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), jamaa zake na maswahaba zake. Wiki hii safu yetu ya afya na usafi inaingia katika jambo linalozungumzwa sana vijiweni, barazani baada ya swala na hata jikoni kwa akina mama. Je, kijana mwenye pikipiki ya petroli aiuze ahamie ya umeme, au abaki na ile aliyoizoea?

Huenda ukasema hilo ni suala la mafundi na wafanyabiashara, tabibu anaingiaje? Anaingia kwa sababu pikipiki siku hizi ni sehemu ya nyumba zetu. Ndiyo inayompeleka mtoto madrasa, inayomkimbiza mjamzito hospitali usiku, na inayoleta unga na mchele. Jioni inalala sebuleni, hatua chache kutoka walipolala watoto, kwa kuogopa wezi. Kitu kilicho karibu na familia kiasi hicho hakiwezi kukosa kugusa afya yake, kwa kheri au kwa shari. Aidha, tunafundishwa katika dini yetu kuwa Muislamu hajidhuru nafsi yake wala hamdhuru mwenzake, na Qur'an Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 195, inatukataza kujiingiza wenyewe katika maangamizo. Kwa hiyo kabla ya kuuliza ipi ina bei nafuu, tuulize kwanza ipi ina madhara madogo.

Wenzetu wa jirani wameshaanza. Rwanda ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2025 pikipiki mpya za petroli zisisajiliwe tena kwa biashara ya kubeba abiria jijini Kigali. Nchini Kenya, Rais William Ruto alizindua mpango wa pikipiki za umeme mjini Mombasa Septemba 2023, na Nairobi hivi sasa kuna vituo ambako dereva huacha betri iliyoisha na kuchukua iliyojaa katika dakika chache. Tanzania nayo pikipiki hizi zimeshaonekana mijini. Basi ni vyema familia ijue inachokiendea.

MOSHI: ADUI ASIYEONEKANA

Injini ya petroli inapochoma mafuta hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, gesi za naitrojeni, na chembechembe ndogo mno ambazo jicho halizioni. Chembechembe hizi hupita puani, zikafika ndani kabisa ya mapafu, na nyingine zikaingia katika damu. Kazi yake huko ni kuamsha pumu, kukaza mishipa ya damu na kuharakisha maradhi ya moyo na kiharusi. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilikadiria kuwa mwaka 2019 uchafuzi wa hewa ya nje ulisababisha vifo vya mapema vya watu milioni 4.2 duniani. Mwaka 2013 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya WHO, liliuweka uchafuzi huo katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu.

Kaboni monoksaidi ina ujanja wake. Haina harufu wala rangi, na inang'ang'ania chembe nyekundu za damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ndiyo maana anayewasha pikipiki ndani ya chumba au ukumbini ili injini ipate moto kabla ya safari ya alfajiri huwaachia waliolala sumu. Mtoto akiamka na kichwa kinamuuma, anasikia kichefuchefu na kulegea, wengi hudhani ni malaria. Ukiwa na pikipiki ya petroli, itoe nje kwanza ndipo uiwashe. Hili halina mjadala.

Pikipiki ya umeme haina bomba la moshi kabisa. Hapa imeshinda. Lakini tuseme ukweli wote: dereva wa pikipiki ya umeme bado atavuta moshi wa malori na daladala zilizo mbele yake, na vumbi la barabara na la breki litabaki. Kubadilisha pikipiki moja hakumkingi dereva huyo peke yake. Faida huonekana mtaani pale wengi wanapobadilisha, na inawafikia zaidi watoto, wazee na wenye pumu wanaoishi pembeni ya barabara na vijiwe.

Wapo wanaosema umeme nao unazalishwa kwa kuchoma mafuta, hivyo ni yale yale. Kwetu Afrika Mashariki hoja hiyo ina nguvu ndogo. Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kutokana na joto la ardhini, maji na upepo. Tanzania, mbali na gesi asilia, ina Bwawa la Mwalimu Nyerere katika mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, lililoanza kuingiza umeme katika gridi mwaka 2024.

PETROLI NDANI YA NYUMBA

Ndugu msomaji, sisi tunaokaa zahanati tunaijua vyema chupa ya maji iliyotiwa petroli. Baba ananunua lita moja ya akiba, anaiweka uvunguni au nyuma ya mlango, mtoto wa miaka miwili mwenye kiu anaikuta. Hanywi nyingi, kwa kuwa ladha ni kali. Tatizo ni kwamba petroli ni nyepesi sana, na akipaliwa kidogo tu inateleza ikaingia katika mapafu na kusababisha nimonia mbaya.

Likitokea hilo, shika mambo haya. Usimtapishe mtoto, kwa sababu akitapika petroli hupita tena kooni na kuingia mapafuni. Usimpe maziwa, mafuta ya kula wala maji ya chumvi. Mvue nguo zilizolowa petroli, muoshe ngozi kwa maji na sabuni, kisha mpeleke hospitali pamoja na ile chupa. Akikohoa, akihema haraka au akiwa na usingizi usio wa kawaida, hiyo ni dharura. Hata akionekana mzima anahitaji kuangaliwa kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kuchelewa.

Hali kadhalika wapo vijana wanaofyonza petroli kwa mdomo na mpira ili kuihamisha kutoka tangi moja hadi jingine. Hatari ni ile ile, na juu yake petroli ina kemikali ya benzini ambayo inajulikana kusababisha saratani ya damu kwa anayeizoea.

Kisha kuna moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa sakafuni mpaka ukute cheche. Nyumbani kwetu cheche haikosekani: jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, chetezo cha udi siku ya Ijumaa. Hatujasahau msiba wa Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, siku chache kabla ya Iddi el-Hajj, pale lori la mafuta lilipopinduka, watu wakakusanyika kuchota, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Allah awarehemu. Funzo lake halihusu malori pekee. Petroli iliyo katika chupa sebuleni ni mafuta yale yale.

Anayehamia umeme anaiondoa chupa hiyo nyumbani. Kwa mama mwenye watoto wadogo, hii pekee ni faida kubwa.

EKZOSI NA MIGUU YA AKINA MAMA

Jeraha jingine tunaloliona kila mara ni la kuungua mguu kwa ekzosi. Abiria, hasa mama aliyevaa baibui au mtoto aliyekaa katikati, anashuka upande wenye bomba la moto na ngozi ya muundi inagusa chuma. Kinachokuja zahanati siku ya nne mara nyingi ni kidonda kilichooza, kwa sababu kilipakwa dawa ya meno, majivu au ute wa yai.

Ukiungua, mimina maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Kisha funika kwa kitambaa safi na uende kituo cha afya, waangalie pia kama unahitaji chanjo ya pepopunda. Asali ina heshima yake katika tiba, lakini si katika dakika zile za mwanzo ambapo joto bado limo ndani ya ngozi. Mwenye kisukari asidharau kabisa kidonda cha mguu, hata kiwe kidogo kama sarafu.

Pikipiki ya umeme haina ekzosi, kwa hiyo kovu hili nalo linaondoka.

GRISI, MIKONO NA UDHU

Suala hili tunaulizwa mara kwa mara na vijana wa gereji na madereva. Oili chafu na grisi zinapokaa juu ya ngozi kama utando huzuia maji yasiifikie, na tulivyosoma madrasa, sharti la udhu na josho ni maji yafike katika ngozi. Utando ni lazima uondolewe. Rangi nyeusi iliyobaki bila utando haina tatizo, kama ilivyo rangi ya hina.

Kosa ni namna ya kuondoa. Wengi huosha mikono kwa petroli kwa kuwa inakata grisi haraka. Petroli huondoa pia mafuta ya asili ya ngozi, mikono ikakauka, ikapasuka na kuwasha, na kemikali zake zikapenya mwilini. Tumia mafuta ya kula kidogo, sugua mpaka grisi ilegee, futa kwa kitambaa, halafu osha kwa sabuni na maji. Weka na nguo safi ya swala kijiweni. Msikitini tunatakiwa tusiwakere wenzetu kwa harufu, na harufu ya petroli nguoni inakera kama nyingine.

Pikipiki ya umeme haina oili ya injini. Bado ina breki, na aina nyingine zina mnyororo wa kutiwa grisi, lakini uchafu unapungua sana.

UMEME NAO UNA HATARI ZAKE

Tusije tukatoka shimo moja tukaingia jingine. Betri za kisasa za pikipiki ni za lithiamu, na hizi zikiharibika zinaweza kupata joto la ghafla lisilozuilika, zikatoa moshi wenye sumu na kulipuka moto. Katika jiji la New York, Marekani, ambako vijana wa kupeleka vyakula hutumia vipando vya umeme na kuchaji majumbani, moto wa betri za lithiamu uliua watu 18 mwaka 2023. Sababu zinazojulikana ni betri duni, chaja zisizo zake na kuchaji mahali pa kutokea.

Kwa hiyo nyumba itakayoingiza pikipiki hii iweke kanuni zake mapema:

1. Usichaji chumbani, wala usichaji mbele ya mlango ambao ndio njia pekee ya kutokea. Baraza lenye paa na lisilofikiwa na mvua ni bora zaidi.

2. Tumia chaja iliyokuja na pikipiki. Chaja ya kuazima huenda ikawa na nguvu tofauti.

3. Chaji ukiwa macho, si usiku kucha watu wamelala. Ikijaa, chomoa.

4. Ukitoka kazini betri ina moto, iache ipoe kwanza.

5. Betri iliyovimba, iliyoanguka, iliyozama katika maji ya mafuriko au inayotoa harufu ngeni isichajiwe kabisa. Itoe nje, mbali na nyumba, umuite mwenye ujuzi.

6. Usiunganishe chaja katika waya mmoja na birika, pasi na friji. Muite fundi umeme aliyesajiliwa akuwekee soketi yake. Na umeme wa kuunganisha kinyemela, mbali na kuua, ni wizi.

7. Ikishika moto, toeni watu kwanza, fungeni mlango, pigeni simu Zimamoto, ambayo kwa Tanzania ni 114. Asirudi mtu ndani kuokoa pikipiki. Betri inaweza kuwaka tena hata baada ya kuonekana imezimika.

Unapokwenda kununua, uliza betri ni ya aina gani. Baadhi ya pikipiki na skuta za bei ya chini hutumia betri za madini ya risasi kama zile za magari. Hizi si rahisi kulipuka moto kama za lithiamu, lakini ni nzito, hudumu muda mfupi, na zikichoka zina balaa lake.

Balaa hilo wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanalijua. Kati ya mwaka 2007 na 2014 kulikuwa na kiwanda pembeni ya makazi yao kilichoyeyusha betri kuukuu kupata madini ya risasi. Moshi na maji machafu yake viliingia katika nyumba, damu za watoto zikakutwa na risasi, mimba zikaharibika. Mwaka 2020 mahakama ya mazingira iliamuru walipwe fidia ya Sh. bilioni 1.3 za Kenya, na baada ya rufaa, Mahakama ya Juu iliurejesha uamuzi huo Desemba 2024. Risasi humpunguzia mtoto akili na damu, na WHO inasema hakuna kiwango chake kilicho salama. Hivyo betri iliyochoka, ya aina yoyote, usiipasue, usiichome, usimpe mtoto achezee, na usiiuze kwa mnunua vyuma chakavu anayeyeyushia uani. Irudishe kwa aliyekuuzia. Asiyekubali kuipokea, hilo lenyewe ni sababu ya kutonunua kwake.

KELELE NA UKIMYA

Pikipiki iliyotolewa sailensa humtesa mgonjwa kitandani, humkatisha imamu kisomo na kumtoa mtoto usingizini. Sikio la dereva mwenyewe hupoteza usikivu pole pole bila yeye kujua. Pikipiki ya umeme ni tulivu, na utulivu huo ni neema.

Lakini utulivu una upande wa pili. Asiyeona, mzee mwenye masikio mazito na watoto wanaotoka madrasa wakikimbizana huitambua pikipiki kwa mlio. Isipolia, hawaondoki njiani. Dereva wa pikipiki ya umeme apunguze mwendo zaidi kwenye vichochoro, apige honi mapema, wala asidhani amesikika. Tumefundishwa kuwa kuondoa udhia njiani ni katika imani, basi tusiwe sisi ndio udhia wenyewe.

AJALI HAIJUI PETROLI WALA UMEME

Hapa ndipo napenda usome kwa makini. Kinachojaza vitanda vya wodi za mifupa si moshi, ni ajali. Na katika hili pikipiki ya umeme haina ubora wowote. Pia ina mwendo, na nyingi huchomoka kwa nguvu mara tu unapokaza mkono, jambo linaloweza kumshangaza aliyezoea injini. Mifupa inavunjika vile vile.

Utafiti uliokusanywa kutoka nchi nyingi unaonesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kifo kwa takriban asilimia 42 na majeraha ya kichwa kwa takriban asilimia 69. Hakuna betri itakayokupa kinga hiyo. Mama, unapopanda, dai helmeti. Ukiogopa uchafu wa helmeti inayovaliwa na kila abiria, vaa kitambaa chepesi ndani, au nunua yako. Mtandio peke yake haukingi fuvu, ila helmeti inavalika vizuri juu ya mtandio uliobanwa bila kufunga fundo kubwa nyuma. Kunja baibui na mtandio usikaribie gurudumu. Na mishikaki, yaani kupakia watu watatu au wanne, tuiache, hata kama ni watoto wetu wenyewe.

HESABU YA MFUKONI

Afya bila riziki haikai, basi tufanye hesabu. Chukua dereva anayetembea kilomita 120 kwa siku. Pikipiki ya petroli inayokwenda kilomita 40 kwa lita itakunywa lita 3. Bei hubadilika kila mwezi EWURA inapotangaza, lakini kwa mfano tuweke Sh. 3,000, hiyo ni Sh. 9,000 kwa siku, mbali na oili.

Pikipiki ya umeme kwa mwendo huo, ukijumlisha na umeme unaopotea wakati wa kuchaji, itatumia kama uniti 5. Kwa bei ya takriban Sh. 356 kwa uniti pamoja na kodi, ni Sh. 1,780. Tofauti ni Sh. 7,220 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni Sh. 187,720.

Usishangilie bado. Kwanza, pikipiki nyingi za umeme huenda kati ya kilomita 70 na 100 kwa chaji moja, na mlima na mzigo hupunguza zaidi. Dereva wetu wa kilomita 120 atalazimika kuchaji mchana, akapoteza saa za kazi, au kubadilisha betri kituoni, ambako bei kwa uniti ni kubwa kuliko ya nyumbani. Pili, betri huchoka. Kama betri mpya ni Sh. 1,500,000 na inadumu miaka mitatu, basi kila mwezi uweke kando karibu Sh. 42,000 kwa ajili yake. Tatu, kuna jambo ambalo wauzaji hawalitaji: nyumba iliyo katika bei ya mteja mdogo wa TANESCO hulipa takriban Sh. 122 kwa uniti pamoja na kodi, mradi isizidi uniti 75 kwa mwezi. Pikipiki peke yake itakula uniti 130. Ukihamishiwa bei ya kawaida, zile uniti 60 za taa, friji na televisheni zitapanda kutoka Sh. 7,320 hadi Sh. 21,360. Liingizwe hili katika hesabu, mama asije akalaumiwa kwamba LUKU inaisha haraka.

Hata baada ya kutoa yote hayo, anayechaji nyumbani na kutembea mijini anabaki na kitu. Ila badilisha namba zangu uweke zako: kilomita zako, bei ya kwako, kituo cha kwako.

TUSIIKIMBIE MOSHI TUKAANGUKIA RIBA

Wengi hawana fedha taslimu, na hapa ndipo mtego ulipo. Kijana anauza pikipiki ya petroli aliyomaliza kulipia, anachukua mkopo wa riba kununua ya umeme, na akichelewa wiki moja deni linaongezeka. Hofu ya deni inamtoa barabarani saa kumi za usiku na kumrudisha saa nne za usiku unaofuata, akisinzia juu ya usukani. Riba imeharamishwa na Mwenyezi Mungu, na sisi matabibu tunaona pia shinikizo la damu na ajali zinazotokana na deni.

Njia za halali zipo. Katika murabaha, taasisi inainunua pikipiki, inaimiliki, kisha inakuuzia kwa bei ya faida inayojulikana na isiyoongezeka ukichelewa. Benki zinazofuata misingi ya sharia zipo Kenya tangu 2008 na Tanzania kwa zaidi ya miaka 10 sasa. Kukodi betri nako kunaingia katika ijara, mradi malipo na muda vijulikane, na mwenye betri abebe hasara isiyotokana na uzembe wako. Mkataba wa kulipa kidogo kidogo kila wiki usome mstari kwa mstari, hasa sehemu ya adhabu na ya kunyang'anywa, na mpelekee sheikh anayejua fiqhi ya biashara kabla ya kutia saini.

BASI NANI AHAME, NANI ASUBIRI?

Kwa maoni yangu, ahame yule anayefanya kazi mjini, mwenye mahali salama pa kuchaji au kituo cha kubadilisha betri katika njia zake, mwenye fundi na vipuri karibu, na anayeweza kununua bila riba. Kwake umeme ni bora kwa mapafu ya familia, kwa watoto wadogo na kwa mfuko.

Asubiri yule wa kijijini ambako umeme unakatika mara kwa mara, anayebeba wagonjwa na mizigo umbali mrefu bila kituo njiani, au ambaye nyumba yake ni chumba kimoja chenye mlango mmoja. Huyo akihama leo, anaweza kukwama njiani akiwa na mjamzito nyuma yake, au akachaji betri miguuni mwa watoto waliolala.

Anayesubiri asikae bure. Afanye usafi wa kabureta na kichujio cha hewa, abadilishe oili kwa wakati, arudishe sailensa, azime injini kijiweni, asilaze petroli ya chupa nyumbani, na afunge kinga ya chuma juu ya ekzosi. Mambo haya hayahitaji mkopo, na yanaweza kufanyika wiki hii.

Ndugu msomaji, kaeni mume na mke, na kijana mwenye pikipiki awepo, mfanye shura. Hesabuni fedha, angalieni mahali pa kuchaji, someni mkataba, mswali istikhara, kisha mtawakali kwa Allah.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.